Muulize Afande: Mkalimani wetu ananiomba barua

Safu hii naiandikia Bombo, hapa Uganda, juu ya meza ya duka la vipuri vya pikipiki, kwa hiyo jibu likionekana limekatika katikati, ujue kuna mtu alikuja kuulizia plagi. Mwezi huu nimechagua barua nne. Zote zinazunguka vita vile vile vya Afghanistan, vita nilivyokwenda kuvilinda mwenyewe kwa mshahara wa kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni.

*Jambo afande. Nilikuwa mlinzi Afghanistan, kambi moja karibu na Kabul, kuanzia Machi 2011 hadi Mei 2012. Langoni tulikuwa na mkalimani, Mwafghani. Sasa yuko Pakistan na mke na watoto wanne, anajificha, maana polisi wa kule wanakamata Waafghani na kuwarudisha kwao. Amenipata WhatsApp baada ya miaka yote hiyo, anaomba barua ya kuthibitisha kazi yake ili apate viza ya Marekani. Rafiki yangu hapa Kampala anasema niandike kwamba tulifanya naye kazi miaka mitatu, barua iwe na uzito, halafu ataipitisha kwa mtu wake kwa shilingi laki nane. Afande, barua ya mlinzi Mganda ina thamani gani? Na uongo mdogo wa kumwokoa mtu, ni dhambi? Mlinzi wa zamani, Bweyogerere.*

Jambo. Tuanze na laki nane: usitoe hata mia. Ombi la viza hiyo halina ada, na huyo rafiki yako ni dalali tu, kama wale waliotukusanya uwanjani mwaka ule wakituahidi dola elfu kwa mwezi. Tulipofika kule unajua mwenyewe tulizipata ngapi.

Sasa uongo. Sheria ya viza hii maalumu, ambayo Marekani iliitunga mwaka 2009 kwa Waafghani waliowafanyia kazi, inadai utumishi usiopungua mwaka mmoja, kati ya Oktoba 2001 na mwisho wa Agosti 2021. Kuanzia 2015 walikuwa wamepandisha ikawa miaka miwili, wakaishusha tena Julai 2021, wiki mbili hivi kabla Kabul haijaanguka mikononi mwa Taliban. Haya, hesabu kwa vidole. Machi 2011 hadi Mei 2012 ni miezi kumi na minne. Ukweli ulio nao unamtosha, na chenji inabaki! Wewe ukiandika mitatu, na barua ya kampuni ikasema miezi kumi na minne, afisa anayesoma hatajua ni ipi ya kweli, na mzigo wa udanganyifu utamwangukia mwenzako aliye Pakistan. Wewe utaendelea kula rolex yako, chapati yako na mayai, Bweyogerere.

Thamani ya barua yako inategemea jambo ambalo hukuniandikia: ulikuwa mlinzi wa kawaida au kiongozi wa zamu aliyempangia mkalimani kazi? Barua ya mapendekezo yenyewe hutakiwa itoke kwa msimamizi ambaye ni raia wa Marekani na aliyemjua mtu huyo kwa macho. Kama msimamizi wake hakuwa Mmarekani, anaweza kuiandika, ila Mmarekani mwenye dhamana ya mkataba ule atie sahihi pamoja naye. Basi kama ulikuwa kiongozi wake, barua yako ina mlango wa mbele, ukimpata Mmarekani wa kusaini. Kama ulikuwa mlinzi tu, itaingia kama ushahidi wa pembeni. Nao ni ushahidi, usiudharau. Barua nyingine muhimu ni ya mwajiri, inayoonyesha tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na makampuni mengi ya wakati ule yamebadili majina au yamemezwa na mengine.

Hapo ndipo unapomshinda mkalimani wako kwa faida. Wengi wa wakalimani wale walichoma karatasi zao Agosti 2021 kwa kuogopa kukutwa nazo. Sisi hatukuchoma kitu. Sisi tuna sanduku. Mimi nina cheti cha shukrani chenye picha ya tai, jina la kapteni, kikosi chake na tarehe. Mke wangu ananiuliza kila Krismasi kwa nini sikitupi, maana hakikupandisha mshahara. Fungua lako. Tafuta cheti, mkataba wenye namba, picha ya zamu, orodha ya majina. Jina moja la sajini likiwa limeandikwa sawasawa linaweza kumpatia mkalimani wako barua ambayo mimi na wewe hatuwezi kuiandika. Wako maaskari wastaafu wa Marekani ambao tangu vita viishe kazi yao ni hii ya kuwatafutia wakalimani wasimamizi wao wa zamani. Kikundi kinachoitwa No One Left Behind kilianzishwa mwaka 2013 na mwanajeshi mmoja pamoja na mkalimani wake. Mwambie mwenzako awaandikie, akiwa na jina hilo mkononi.

Niruhusu nikueleze wa kwangu, halafu utajua namna ya kuandika.

Tulimwita Mwalimu. Jina la kazi yake kwa lugha yao ni *tarjoman*, nami nikamwambia hata sisi tunasema mtarjumani. Akacheka. Kuanzia siku hiyo ukawa mchezo wetu wa zamu ya usiku: yeye anataja neno, mimi natafuta pacha wake. *Ketab*, kitabu. *Khabar*, habari. *Waqt*, wakati. *Sabun*, sabuni. *Donya*, dunia. Chai haikuhitaji kutafsiriwa. Baridi ya Januari kule inaingia mpaka kwenye meno, unavaa soksi tatu na bado vidole si vyako, lakini tulicheka.

Asubuhi moja likaja lori la kokoto. Dereva mzee. Kibao kinasema simama, bendera nyekundu inapungwa, mzee anakuja tu, polepole, kama anayeingia kwake. Kijana wetu mnarani, mtoto wa Lira, alikuwa ameshainua bunduki na ameshapiga kelele mara mbili. Mwalimu, asiye na silaha yoyote, akatoka nyuma ya ukuta wa mchanga akakimbilia katikati, mkono mmoja ukitusimamisha sisi, mwingine ukimsimamisha mzee. Lori likasimama. Akageuka kwetu akigusa sikio lake: hasikii, hasikii! Alikuwa amemtambua. Siku zote mzee yule huja na mwanawe wa kumsikilizia barabara, na siku ile mtoto alikuwa mgonjwa. Wiki iliyofuata mzee alituletea mfuko wa forosadi zilizokaushwa, tamu kama sukari guru. Kijana wa Lira hakula hata moja. Alikaa amezishika.

Hiyo ndiyo barua. Usiandike kwamba mkalimani wako ni mtu shujaa, mwaminifu na mchapakazi. Maneno hayo yamo katika kila barua, na msomaji wake ameshaota sugu. Andika jina lako na kazi yako. Andika lango gani, kuanzia lini mpaka lini, zamu ipi. Andika umemjuaje na ulimwona mara ngapi kwa wiki. Halafu jambo moja uliloliona kwa macho yako, lenye mwezi na mwaka, kwa mistari kumi. Usichokiona usikiandike. Kama hukumbuki tarehe, sema ilikuwa kipindi cha theluji. Weka nakala ya beji yako na namba ya simu inayopatikana, kisha sahihi. Ukurasa mmoja.

Na ufunge mdomo. Usiweke picha yake Facebook ukiwaomba watu wamsaidie. Hata picha ya zamu yenye nyuso kumi, kata nyuso tisa. Mwaka 2022 faili la Waafghani walioomba kuhamia Uingereza lilitoka Wizara ya Ulinzi ya kule kwa kosa la mtu mmoja wa kutuma baruapepe, watu karibu 19,000 ndani yake, na umma haukuambiwa mpaka Julai 2025. Kama wizara ile inaweza kuteleza, sembuse simu yako iliyopasuka kioo. Wapo watakaokwambia Taliban walitangaza msamaha. Ni kweli, walitangaza, Agosti 2021. Na ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliopo kule uliorodhesha, hadi Juni 2023, mauaji yasiyopungua 218 ya watu wa serikali na majeshi ya zamani.

Kwanza muulize amefika wapi na ombi lake. Njia ya kawaida ya wakimbizi kwenda Marekani ilisimamishwa Januari 2025, na Juni raia wa Afghanistan wakafungiwa mlango, ila wenye viza hii maalumu mwanzoni waliachwa nje ya zuio lile. Mwisho wa kupeleka ombi la kwanza ulikuwa tarehe 31 Desemba 2025. Akifanikiwa, mke na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21 wanaingia naye.

Jambo moja la pembeni, mhariri akilikata sitalalamika. Majeshi yetu yako Mogadishu tangu Machi 2007. Vijana Wasomali waliotutafsiria kwenye vizuizi wana miaka mingapi sasa, na majina yao yameandikwa wapi? Siku tukitoka kule, sitaki kusikia tunatafuta kwenye masanduku.

*Afande, mimi ni bodaboda, Kitooro hapa Entebbe. Mwaka 2021 tumefungiwa kwa korona, hatufanyi kazi, njaa, tukaona Waafghani wanaletwa na ndege wanalazwa hotelini. Mwaka 2025 tena tukaambiwa serikali imekubali kupokea watu wanaofukuzwa Marekani. Uganda ni jalala? Na wewe kila mara unawatetea. Mwenye hasira, Kitooro.*

Ndugu yangu, umefunga mizigo miwili kwenye pikipiki moja. Tuishushe.

Wale wa 2021 walitua Entebbe tarehe 25 Agosti, siku kumi baada ya Kabul kuanguka. Walikuwa 51. Marekani iliomba tuwahifadhi kwa muda watu hadi 2,000 wakiwa njiani kwenda kwingine, na gharama zikawa za Marekani. Kwa hiyo kitanda cha hoteli hakikutoka kwenye mfuko wako. Hoteli zenyewe zilikuwa tupu miezi ile, na waliotandika vitanda vile, kufua shuka na kupika walikuwa watu wa Entebbe.

Mkataba wa Agosti 2025 ni kitu kingine kabisa. Hawa hawakimbii vita kuja kwetu. Ni watu ambao nchi nyingine haiwataki, nasi tumekubali kuwapokea, kwa masharti kwamba wasiwe na rekodi ya uhalifu wala wasiwe watoto wasio na wazazi, na tukasema tunapendelea Waafrika. Kuna wabunge waliouliza mbona jambo hilo halikupita Bungeni. Hapo niko na wewe, uliza kwa sauti. Usiulizie mgongoni mwa mama wa Kiafghani aliyeshuka na mtoto na mfuko wa plastiki.

Ukisema ninawatetea kila mara, ni kweli, na sababu sijawahi kuiandika hapa. Baba yangu alikuwa mpishi kambini. Mpishi tu, wa jeshi la Amin. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, wakubwa walikuwa na magari na wengine walikuwa na ndege. Baba alikuwa na sufuria. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Bombo nzima ilijifunga vitambaa kichwani ikatoka kuelekea kaskazini kwa miguu, na njiani swali lilikuwa moja tu: wewe ulikuwa unamfanyia kazi nani? Jibu la "nilikuwa ninapika" halikumwokoa kila mtu. Tulivukia Kongo, tukakaa Ariwara, na mwanamke mmoja wa pale alimpa mama yangu kona ya jiko lake kwa miezi kumi na moja. Hatukuwa na undugu naye. Sisemi jeshi lile lilikuwa jema, wengi wa wasomaji wangu wana makaburi ya wakati ule. Nasema mpishi, dereva, mkalimani na mfagizi ndio huachwa kwenye lami ndege inapoondoka, na wenye kuamua vita hawaulizwi lolote barabarani.

Halafu, kama unadhani Uganda imeanza kupokea watu wa mbali jana, panda siku moja mpaka Nyabyeya, Masindi. Kuna kanisa la matofali lililojengwa na Wapolandi waliokimbia vita vya Ulaya miaka ya 1940. Wengine walikaa Koja, upande wa Mukono. Waliishi, walizika wafu wao, wakaondoka. Makaburi bado yapo.

*Shikamoo mzee. Niko kidato cha tatu Arua. Mwalimu alisema Afghanistan wasichana hawaruhusiwi kusoma zaidi ya darasa la sita. Wenzangu wanabisha, wanasema ni propaganda. Ni kweli? Na sisi tunaweza kufanya nini tukiwa huku? Mwanafunzi, Arua.*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako wa Kiswahili nampongeza, huku Bombo shikamoo tumeiacha kambini.

Ni kweli. Septemba 2021 sekondari zilifunguliwa kwa wavulana peke yao. Tarehe 23 Machi 2022 wasichana waliitwa warudi, wakafika na mabegi, wakarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Desemba 2022 vyuo vikuu navyo vikafungwa kwao. Si propaganda, ni amri ya serikali, na wenye kuitoa hawaifichi.

Wenzako wanaobisha waulize kitu kimoja: walikuwa wapi kati ya Machi 2020 na Januari 2022? Nyumbani, kama wewe. Hakuna nchi iliyofunga shule muda mrefu kuliko sisi. Taja wasichana wa darasa lenu ambao geti lilipofunguliwa hawakuonekana tena. Na yetu ilikuwa na mwisho.

Mnaweza kufanya nini? Kwanza muijue habari yenyewe, maana iko karibu kuliko mnavyodhani. Shule moja ya bweni ya wasichana ya Kabul, inaitwa SOLA, ilihama yote, wanafunzi na walimu, Agosti 2021, na leo iko Rwanda. Mwanzilishi wake alichoma kumbukumbu za wanafunzi ili Taliban wasipate majina. Halafu Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile iliyomhukumu Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA, miaka 25 na Septemba 2025 ikasikiliza mashtaka ya mkuu wake, Joseph Kony, bila Kony mwenyewe kuwepo, ilitoa hati mbili za kukamatwa tarehe 8 Julai 2025: moja ya kiongozi mkuu wa Taliban, Haibatullah Akhundzada, nyingine ya jaji mkuu wao, Abdul Hakim Haqqani, kwa kuwatesa wasichana na wanawake kwa sababu ya jinsia yao. Wao kukamatwa ni hadithi nyingine. Kony mwenyewe hati yake ni ya mwaka 2005. Fanyeni mdahalo. Mpe anayebisha upande wa kuwatetea wasichana, atafute hoja mwenyewe.

*Afande, mume wangu alifia Afghanistan mwaka 2012 akiwa mlinzi. Kampuni ilileta jeneza na bahasha, wakanisainisha karatasi, wakasema yameisha. Sasa nasikia wajane wengine walilipwa kila mwezi. Nimechelewa? Karatasi zake nimeweka juu ya kabati, beji yake watoto wa dada yangu wanaichezea. Mjane, Kasese.*

Pole sana mama. Sitakudanganya kwamba pesa zipo zinakungoja. Lakini nasikitika kwamba miaka yote hii hakuna aliyekwambia kuna sheria.

Ipo, ya Marekani, ya mwaka 1941. Mwandikie mwanasheria jina lake hivi hivi: Defense Base Act. Inamlinda mtu wa taifa lolote aliyefanya kazi chini ya mikataba ya jeshi lao nje ya nchi, Mganda akiwemo, na mjane na watoto wana haki ya malipo mfanyakazi akifa kwa sababu ya kazi. Bima ililipiwa na kampuni, si hisani ya mtu.

Kuhusu kuchelewa: dai hutakiwa lifunguliwe ndani ya mwaka mmoja. Hiyo ni habari mbaya. Lakini mwaka huo hauanzi kuhesabiwa kama mwajiri alijua juu ya kifo na hakupeleka taarifa yake kwa Wizara ya Kazi ya Marekani. Kwa hiyo swali lako la kwanza si "nimechelewa?", ni "kampuni iliripoti?" Na karatasi uliyosaini isikuvunje moyo, haki hii haifutwi kwa makubaliano ya mlangoni ambayo wizara ile haikuyapitisha. Mwanasheria wa madai haya halipwi na wewe mbele. Malipo yake lazima yaidhinishwe kule kule. Anayekutaka pesa ya kufungua faili, mwonyeshe barabara ya kurudi.

Panda juu ya kabati leo. Unatafuta barua ya ruhusa ya safari aliyoondoka nayo, huwa ina namba ya mkataba, na mkataba wake wa kazi, cheti cha kifo, cheti cha ndoa. Kama mlioana kimila, pata barua ya LC wa kwanza, yaani mwenyekiti wa kijiji, na mashahidi wawili. Usimpe mtu nakala halisi, hata mimi. Na hiyo beji, waambie watoto wameichezea vya kutosha.